Watu wa Waya, Watu wa Hewa

Siku ya kumzika Kalekye, wajukuu wetu waligombana juu ya simu. Wangu ni Mutuku, mtoto wa binti yangu Mwende. Anatengeneza simu kwenye kibanda kule Salama, kando ya barabara ya Mombasa. Wa Kalekye ni Ndunge, msichana wa ofisi, na simu yake ni ya bei ya ng'ombe wa maziwa. Walikuwa wameketi kwenye benchi ya kanisa iliyoletwa uani, kila mmoja ameshika simu yake kwa mikono miwili kama mtu anayeshika kuku asimponyoke. Ndani ya simu ya Ndunge kulikuwa na sauti ya nyanya yake. Kalekye aliisema wiki chache kabla ya kufa, akaagiza kwamba ni ya Wayua wa Kwa Vonza na si ya mtu mwingine. Wayua ni mimi, na Kwa Vonza ndiko ninakokaa sasa. Sasa pale kwao, ndani ndani kutoka Ikutha, netiweki haishiki, na watoto walitaka kuirusha kutoka simu hadi simu, ili Mutuku aiweke kwenye kasimu kangu ka kubonyeza, nikae nayo. Ikakataa. Mutuku akasema simu ya Ndunge ina maringo, haiongei ila na wa ukoo wake. Ndunge akamjibu kwamba ya Mutuku nayo ni kama kilabu cha pombe, anaingia kila mlevi.

Nilimwuliza Mutuku kwa nini vitu viwili vya kazi moja visipokezane. Akanieleza polepole, vile wanavyotueleza sisi wazee, kwamba simu si kile kioo. Ndani kuna mfumo unaoiendesha, kama injini inavyoendesha mashine ya posho, na kila kampuni ina wake. Mwanzoni, akasema, mifumo ilikuwa mingi. Kulikuwa na wa simu za kuandikia kwa kijiti, kulikuwa na wa wakubwa wa ofisi wenye vibonyezo vidogo kama punje za mtama, kulikuwa na mmoja uliokuwa kila mahali mpaka watu wakadhani hautaisha. Ikapigana. Kila mwenye wake alifunga mlango, akawaambia watu: ukiwa kwangu utapata kila kitu, ukitoka unaacha vyako hapa. Ikafa mmoja mmoja, ikabaki miwili. Nikamwuliza, na wale waliokuwa na simu za ile iliyokufa? "Walinunua zingine, Susu," akasema, maana kwa Kikamba nyanya ni susu. Na vitu vyao vilivyokuwa ndani? Akainua mabega. Nikamwambia hiyo vita naijua, niliiona ikipiganwa mama yake akiwa bado anabebwa mgongoni, na ilikula mtu. Akacheka, akidhani namtania. Mimi si mtu wa utani sana.

Wangeweza kuniwekea tu ile simu sikioni, nisikie, mambo yaishe. Nililijua hilo tangu mwanzo. Niliwaacha wabishane kwa sababu nilikuwa naogopa. Nilisoma mpaka darasa la tatu tu, kwa hivyo mtu asitarajie nipambe maneno. Nitasema vile ilivyokuwa.

Ulikuwa mwaka wa unga wa njano. Waliokuwepo wanajua ni upi. Mvua ilikataa mara mbili, mbuzi wakala maboksi, na serikali ikaleta mahindi ya rangi ya njano kutoka nchi za mbali, yenye harufu ya gunia lililolowa. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na nilifanya kazi kwenye duka la Mzee Munyoki, huku huku upande wa Ikutha. Duka lilikuwa chumba kirefu cha mabati, kaunta ya mbao iliyong'arishwa na viwiko vya watu, pipa la mafuta ya taa kwenye kona, na rafu ambazo mwaka ule zilikuwa na chumvi, viberiti na sabuni ya kipande, basi. Lakini juu ya rafu ya katikati, juu ya kitambaa kilichofumwa na mke wake, palikaa simu nyeusi ya kuzungusha mkono. Ilikuwa ya pekee kwa soko letu. Ukizungusha, anaitika mtu wa eksichenji, unamwambia unamtaka nani Nairobi au Mombasa, anakuunganisha, au anakwambia laini imekufa. Waya huo tulikuwa watu kadhaa juu yake, kwa hivyo kila mmoja alikuwa na mlio wake: mrefu mmoja na mifupi miwili ni wetu. Mpaka leo nikisikia kengele yoyote ya namna hiyo mgongo unanyooka wenyewe.

Kazi yangu ilikuwa kukaa chini ya hiyo simu. Wanaume wa kwetu walikuwa Mombasa bandarini, au Nairobi wakilinda mageti, na neno lao likija ni mimi nilipokea na kulipeleka. Kuandika sikuwa na mwendo, na simu haimngojei mtu anayetafuta herufi. Nilikuwa nasokota katani kwenye paja, kamba ya kufumia viondo, kama wanawake wote wakikaa. Basi neno likija nililirudia kwa sauti mpaka mwisho, na huku nikifunga fundo kwenye kamba. Fundo moja, neno moja. La ugonjwa nililifunga mara mbili. Jioni nilipita nyumba kwa nyumba, na nikishasema neno nalifungua fundo mbele ya mwenyewe, aone limetoka. Watu walicheka mara ya kwanza, halafu wakazoea, hata wengine wakawa hawaamini neno mpaka waone fundo likifunguliwa. Sikuwahi kupoteza hata moja.

Upande wa pili wa soko, nyuma ya kanisa, Evanjelisti Kimuyu alikuwa na redio ya kusemea. Ilikuja na mradi wa kuchimba bwawa. Haikuwa na waya. Ilikuwa na mlingoti mrefu wa chuma na betri ya lori, na mtu alibonyeza, akasema, akamaliza na "ova", akaachilia asikie. Aliyekaa pale alikuwa Kalekye, mke wa Muthama. Tulikuwa tumechunga mbuzi pamoja, tumeolewa msimu mmoja. Yeye alifika darasa la saba, kwa hivyo maneno yake aliyaandika kwenye daftari. Redio ilisema saa tatu asubuhi na saa tisa, na iliongea na redio nyingine tu: hospitali ya misheni, ofisi za mradi Kitui na upande wa Makueni, lori la chakula likiwa njiani. Mombasa haikufika. Na simu yetu nayo haikufika hospitali ile, kwa sababu waya haukupita huko. Kwa hivyo mwenye mume bandarini alihitaji waya, na mwenye mgonjwa alihitaji hewa, na mwaka ule nyumba nyingi zilikuwa na vyote viwili.

Mtu mwenye akili angeona hapo hakuna ugomvi. Lakini Munyoki aliona watu wakipita mlango wake kwenda kanisani na akaona wanapita na heshima yake. Evanjelisti naye alisema duka ni la mtu anayeuza hata ugoro, na neno la mkristo halifai kulala humo. Akaanza kuandika majina: waliokuwa wa redio ndio walioitwa kwanza kuchimba bwawa, na waliochimba bwawa ndio waliopewa unga. Munyoki akajibu kwa lake. Akasema mtu wa redio neno lake likiingia kwa waya wake, litalala hapo hapo. Evanjelisti akasema vivyo hivyo kwa watu wa duka. Tukagawanyika kama maharagwe kwenye ungo. Ukikutana na mtu kwenye mchanga wa mto, mahali tulipochimba maji, kabla hamjamaliza salamu ameshakuuliza, "Wewe ni wa waya au wa hewa?" Wa hewa walisema waya wetu ni wa kukaliwa na tai wakisubiri tufe. Sisi tukasema hewa yao inaishi ndani ya betri, na betri ikikojoa, Mungu wao haitiki. Kulikuwa na mama mmoja alijiandikisha kote kote. Alipogunduliwa alifukuzwa kote kote, na hapo watu walicheka kama hawana njaa.

Mimi na Kalekye hatukugombana. Tulikutana asubuhi kwenye shimo la maji, na kwa sababu maji yalikuja kikombe kwa kikombe, tulikuwa na muda. Yeye alikuwa na maneno ya watu wangu kwenye daftari, mimi nilikuwa na maneno ya watu wake kwenye kamba. Tulibadilishana. Akikaribia tu aliniuliza, kabla ya salamu, "Wayua, kuna kitu?" Nami nikamwambia kipo au hakuna. Ilikuwa rahisi hivyo. Wanaume wawili wakubwa walikuwa wamefunga milango, na wasichana wawili wenye vibuyu walikuwa wanaifungua kila siku asubuhi, na soko likaendelea kupata habari zake bila kujua zinapitia wapi. Nikifikiria sasa, naona huo ndio ulikuwa mfumo wenyewe, ule wa kweli. Lakini wakati ule hatukuupa jina.

Uliisha kwa shukrani. Mwanamke mmoja ambaye mkwe wake alikuwa hospitali alikuja dukani akamshukuru Munyoki mbele ya watu, kwamba amesikia habari ya mgonjwa wake kupitia msichana wake, Mungu ambariki. Munyoki akasema amina. Watu walipotoka akafunga mlango wa mbele. Hakunipiga, wala hakunifukuza. Kunifukuza kungemletea kazi ya kutafuta mwingine anayeweza kukumbuka. Kesho yake mchana akamleta mzee mmoja nisiyemjua, na huyo mzee alikuwa na kitu kimefungwa ndani ya ngozi. Wakanipeleka stoo, nyuma ya magunia matupu. Wakakiweka chini. Nilijua ni nini kabla hakijafunguliwa. Kwetu Ukambani kinaitwa kithitu, na ukiapa juu yake halafu ukavunja, hakikuui wewe kwanza. Kinaanza na watoto. Nilikuwa nimebatizwa na nilikuwa naimba kwaya. Nilipokiona hicho kitu kwaya ilinitoka yote. Munyoki akasema kwa sauti ya chini, kama anaongea na ng'ombe anayekamuliwa, "Mama Mwende, hakuna ubaya. Sema tu hutavusha neno lingine kwenda ng'ambo, na unga wako utaendelea." Unga wangu, ndio mshahara wenyewe, ulikuwa gorogoro moja kwa wiki, kopo la kilo mbili. Nikapewa kijiti. Nikakipiga kile kitu mara saba, na kila mara nikasema nikivusha neno, kimle Mwende.

Nitasema jambo hapa, kwa sababu niliambiwa baadaye na wazee wa kwetu na halijaniacha. Kithitu ni cha kesi ya watu wawili. Kinaliwa mbele ya ukoo wa huku na ukoo wa kule, mchana, kwenye uwanja, na wazee wanaojulikana. Mwanamke kuapishwa peke yake stoo, bila mtu wa kwao, na mzee wa kukodiwa, hicho si kiapo. Ni mbao na ngozi. Na hata kama kingekuwa kiapo, kingetolewa kwa mbuzi mmoja na wazee wa kutakasa. Mambo haya yote ningeambiwa na mzee yeyote wa kwetu kama ningeuliza. Sikuuliza mtu, kwa sababu niliona aibu, mkristo kuuliza mambo ya kithitu.

Juma lile lile Evanjelisti alimwapisha Kalekye juu ya Biblia, mbele ya kwaya. Kwa hivyo tukawa tumefungwa wote. Kwenye shimo la maji tulisalimiana, tukachota, hatukusema mengi. Na ndipo Mwende akaugua. Alikuwa na miaka miwili. Tumbo lilianza, halafu macho yakaingia ndani, na dada ya mume wangu akambeba mpaka hospitali ya misheni kwenye lori la mradi, mimi nikabaki kwa sababu ya hilo gorogoro. Siku nne sikusikia kitu. Habari ya hospitali ilikuwa ya hewa, na mimi nilikuwa wa waya.

Siku ya tano, saa sita mchana, duka likiwa limejaa watu waliokuja kungoja unga usiokuwepo, Kalekye aliingia. Aliingia kwa mlango wa mbele. Watu wote wakageuka, maana hakuna wa redio aliyekuwa amekanyaga pale kwa miezi. Alikuwa na daftari lake mkononi na hakulifungua. Akasema, "Wayua, Mwende anahitaji damu, na wanataka ya mama. Lori linaondoka sasa hivi. Toka." Munyoki akasimama, akamwuliza ni nani amemruhusu. Kalekye hakumtazama hata. Alinishika mkono akanivuta kama mtu anayevuta mbuzi mkaidi, na tulipofika nje akanisukuma kwenye lori kwa mabega. Damu yangu ilifaa. Mwende akaishi. Niliporudi baada ya wiki nilikuta Kalekye ametolewa kwenye redio, ametengwa meza ya Bwana, na jina lake limefutwa kwenye orodha ya bwawa. Kwenye redio waliweka mpwa wa Evanjelisti, ambaye alikuwa anasahau kuachilia kile kibonyezo.

Nilimshukuru kwa mdomo. Nilimpelekea nusu ya gorogoro langu mara mbili, halafu mara ya tatu nikaona Mwende amekonda, sikupeleka. Sasa Kalekye hakuwa wa waya wala wa hewa, lakini kwa Munyoki alibaki adui, tena zaidi, kwa kumfedhehesha dukani kwake. Kila asubuhi akienda mtoni alipita mbele ya duka, na kila asubuhi aliuliza kutoka barabarani bila kusimama, "Wayua, kuna kitu?" Muthama, mume wake, alikuwa Mombasa akibeba magunia bandarini na hakuwa ameandika tangu mavuno yasiyokuwepo. Nami nikajibu hakuna. Ilikuwa kweli, mpaka Jumatano moja.

Simu ililia mlio wetu asubuhi, Munyoki akiwa nje akipatana bei ya mbuzi na mnunuzi. Ilikuwa sauti ya mwanaume, akapiga kelele vile walivyokuwa wanapiga kelele wote, kana kwamba Mombasa ni ng'ambo ya bonde. Alikuwa anafanya kazi na Muthama. Akasema: mwambie mke wa Muthama kwamba Muthama ni mgonjwa, kifua kimemmaliza, hawezi kutembea. Ijumaa tutampandisha basi, atashushwa Kibwezi saa sita mchana. Mwambie aje na punda, na maji. Nikarudia yote. Akaniambia nimesema sawa sawa. Nikafunga fundo, nikalifunga mara mbili.

Gari la kutoka Kibwezi kuja kwetu mwaka ule lilikuwa siku ya soko tu, na soko lilikuwa limekufa. Kwa punda ni mwendo wa siku nzima, na kuvuka mto Athi katikati. Kalekye angetoka Alhamisi alfajiri, angefika kwa wakati. Haya yote niliyapiga hesabu nikiwa nimekaa na fundo kwenye vidole. Munyoki aliingia akaniuliza simu ilikuwa ya nani. Nikamwambia. Sijui kwa nini nilimwambia. Akatazama mlango wa stoo, akarudi kwa mbuzi wake.

Mtu akiniuliza niliogopa nini, nitamwambia nilimwogopea Mwende. Alikuwa anaanza tena kutembea, anashika ukuta. Niliona nikifungua mdomo ataanguka pale pale. Yule mtoto, Kalekye ndiye aliyemtoa kaburini, na mimi nikamlinda kwa kumnyamazia Kalekye. Hiyo ndiyo sababu ya kusemwa mbele ya watu. Lakini nikiwa peke yangu najua kulikuwa na gorogoro pia ndani yake, na najua siwezi kutenganisha kipi kilikuwa kikubwa. Alhamisi asubuhi alipita. "Wayua, kuna kitu?" Alikuwa na kibuyu mgongoni na kamba kwenye paji la uso, hakuweza kugeuza kichwa, kwa hivyo hakuona uso wangu. Nikasema, "Hakuna." Ijumaa asubuhi akauliza tena. Nikasema hakuna.

Muthama alishushwa Kibwezi Ijumaa. Aliketi kwenye steji akingoja. Mama mmoja wa kuuza chai alimpa uji, akamwambia alale, ndugu zake watafika. Jumamosi aliona hawafiki, akaanza kutembea. Alivuka Athi, hilo ndilo linanishangaza mpaka leo, mtu asiyekuwa na kifua. Wachoma makaa walimkuta Jumatatu upande wetu wa mto, ameegemea tanuri lililokwisha kupoa, viatu vya tairi amevivua na kuvipanga vizuri kando yake. Kwenye mfuko alikuwa na mkate umefungwa kwa gazeti, haujaguswa, umekuwa mgumu kama tofali. Ulikuwa wa kupeleka nyumbani.

Mwenzake wa Mombasa alifika kwenye mazishi. Sisi wanawake tulikuwa nyuma ya nyumba, tukipika muthokoi ya mahindi yale ya njano, ambayo ukiyatwanga hayaachi maganda vizuri, na maneno ya wanaume yalipita kwenye ukuta wa fito. Nilimsikia akiuliza kwa nini hamkuja. Mtu akamjibu kwamba hakuna neno lililofika. Akasema, "Nilipiga mimi mwenyewe. Mwanamke wa dukani alirudia maneno yangu yote, hakukosea hata moja." Wanawake waliokuwa wanakoroga waliacha kukoroga. Hakuna aliyenitazama, isipokuwa Kalekye. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, amejifunga leso kiunoni, mtoto wake Kioko amelala miguuni. Alinitazama muda wa kuhesabu vidole vya mkono mmoja. Kisha akachota muthokoi kwa mwiko, akaonja, akasema, "Wayua, ongeza chumvi." Nikaongeza.

Hakuwahi kusema lingine juu ya jambo hilo. Tulikutana baadaye harusini, sokoni, kwenye mazishi ya watu wengine. Tulisalimiana kwa salamu zote, akauliza hali ya Mwende kwa jina. Lakini lile swali lake hakuniuliza tena, miaka yote hiyo. Lile fundo sikulifungua, maana halikuwa na mwenyewe wa kumfungulia mbele yake. Kamba ile nilifumia kiondo, fundo likaingia chini kwenye kitako, na kiondo nikakiuza kwa wachuuzi wa barabara ya Mombasa. Tukala. Mvua iliporudi mradi ukaondoka na redio yake, mlingoti ukabaki, watoto wakautundikia bembea. Mwaka uliofuata mchwa walimaliza nguzo za waya, na hakuna aliyekuja kusimamisha zingine. Simu ya Munyoki ikakaa kwenye kitambaa chake bila kulia, akiipangusa vumbi mpaka akafa. Waya ulikufa, na hewa ikafa. Waliogombana walikwenda mbinguni au walikokwenda. Bwawa nalo limejaa mchanga.

Basi nilikuwa nimeketi kwenye uwanja wa Kalekye, jeneza limewekwa kwenye meza chini ya turubai, na wale watoto bado wanabonyeza na kulaumiana. Mutuku alikuwa sasa anasema kwamba angekuwa na waya fulani mdogo, angeitoa. Nikamwambia Ndunge, lete hapa. Akasema, Susu, nataka ukae nayo, uende nayo nyumbani. Nikamwambia lete. Akabonyeza, akaniwekea sikioni.

Kwanza nilisikia kuku. Halafu kikohozi, na sauti ya Ndunge ikisema ongea, nyanya, imeanza. Halafu kimya kirefu mpaka nikafikiri imekatika. Kisha Kalekye, kwa Kikamba chetu, sauti nyembamba lakini ni ile ile ya kupita barabarani bila kusimama: "Wayua. Kuna kitu?"

Hapo ikaisha. Ndunge akaniuliza kama nimesikia, maana ni fupi, walimwambia aongeze akakataa. Niliishika ile simu ya bei kwa mikono yote miwili, nikaiweka mbele ya mdomo, nikasema, "Kipo. Muthama ni mgonjwa, kifua kimemmaliza, hawezi kutembea. Ijumaa watampandisha basi, atashushwa Kibwezi saa sita mchana." Ndunge akanigusa bega. Akasema polepole, "Susu, hiyo haimfikii. Ni ya kusikiliza tu." Nikamwambia najua. Nikamalizia, "Uende na punda, na maji." Maneno yote yalikuwepo, hakuna lililopotea.

Nilipoinua uso, Mwende alikuwa amesimama nyuma yangu na sahani ya chakula changu mkononi, akiniuliza Muthama ni nani. Nikamwambia aweke sahani chini, akae. Nikaanza tena, tangu mwanzo.